Kabla ya kulipua mwamba karibu na nyumba za watu

Wageni wakifika saiti, swali lao la kwanza huwa: "Leo mnalipua kilo ngapi?" Kwa mwenye nyumba jirani, swali hilo halimsaidii sana. Aulize ni kilo ngapi zinazolipuka kwa mpigo mmoja, na nyumba yake iko umbali gani. Mashimo 40 yakifungwa fataki za kuchelewesha (viwashio vya baruti vinavyolipuka kwa kupishana), kila moja na zamu yake, ukuta hautikisiki kama yangelipuka yote kwa pamoja. Kwa desturi ya kazi hii, baruti zinazopishana kwa chini ya milisekunde 8 huhesabiwa kuwa mpigo mmoja.

Kazi hii nimeifanya kwenye barabara na machimbo ya kokoto upande wa Tororo na Busia, mashariki mwa Uganda, ambako vibarua wa kila kabila huelewana kwa Kiswahili. Pasipo na kipima mtetemo, hushika kanuni ya Marekani ya migodi ya makaa ya mawe, kwa nyumba zilizo ndani ya mita 90 hivi: gawa umbali kwa 22.6, jibu lizidishe kwa lenyewe, utapata kilo za mpigo mmoja. Nyumba ikiwa mita 80, ni kama kilo 12 na nusu. Ikiwa mita 40, kilo 3 tu. Hapo ndipo mabosi wanaofukuzana na muda hununa. Shimo refu ligawe: baruti chini, kokoto ndogo katikati, kisha baruti nyingine juu yenye fataki ya muda wake.

Ila usipunguze baruti kiholela. Jiwe likiwa nene mno mbele ya shimo, au kifusi cha jana kikiwa bado kimeziba uso wa mwamba, mwamba hausogei na nguvu yote huishia ardhini. Utashangaa baruti kidogo ikitikisa kijiji kuliko nyingi.

Mtetemo hupimwa kwa milimita kwa sekunde. Utafiti wa Ofisi ya Migodi ya Marekani wa 1980 uliweka kikomo cha 12.7 kwa kuta za plasta pale mtetemo unapokuwa wa polepole, na 50 ukiwa wa kasi, yaani zaidi ya mara 40 kwa sekunde. Wajerumani ni wakali zaidi: kwa mtetemo wa chini ya mara 10 kwa sekunde, nyumba ya kuishi 5, jengo dhaifu la kale 3. Nyumba zetu nyingi vijijini ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, kwa hiyo nafuata Wajerumani, mabosi wapende wasipende.

Binadamu naye huhisi hata chini ya milimita 1. Mama anayekwambia vikombe vyake viligongana kabatini hadanganyi, hata kama ukuta wake ni salama. Usibishane naye. Mara nyingine kilichotikisa mabati na madirisha ni mshindo wa hewani, wala si ardhi. Asubuhi ya ukungu mshindo huo hufika mbali zaidi, ndiyo maana silipui ukungu ukiwa umelala bondeni. Nangoja jua lipande.

Kazi kubwa zaidi hufanyika kabla ya shimo la kwanza. Pita nyumba kwa nyumba pamoja na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), piga picha kila ufa, na mwenye nyumba asaini. Kwa mzee mmoja tulikuta ufa umeshuka kutoka pembe ya dirisha. Tulichora mstari wa penseli kwenye ncha yake, tukaandika tarehe, tukabandika kipande chembamba cha kioo kuvuka ufa kwa plasta. Ufa ukitanuka, kioo hupasuka. Mzee mwenyewe akawa anakikagua kila jioni, akiwaonyesha hata majirani waliokuwa wanatutilia shaka.

Kipima mtetemo usikiweke juu ya baraza kikielea. Kifukie ardhini au kikandamize kwa mfuko wa mchanga, karibu na msingi, upande unaotazama mlipuko.

Wewe unayeishi karibu na saiti, usidai tu fidia kwa mdomo. Omba karatasi ya kipimo cha siku ile: iwe na saa, umbali, kilo za mpigo mmoja, mtetemo wa pande zote tatu (mbele-nyuma, kushoto-kulia, juu-chini) na ni mara ngapi kwa sekunde. Kisha ilinganishe na picha mlizosaini.