AC hailimalizi joto, inalihamisha

Watu huniuliza kama AC inaongeza joto mtaani. Ndiyo, inaongeza. Inalitoa chumbani na kulimwaga nje, pamoja na joto la umeme unaoendesha kompresa. Pita mchana kwenye vichochoro vya magorofa ya Kariakoo, karibu na yale maboksi ya nje, utausikia upepo wake wa moto usoni. Na nje pakizidi joto, kompresa inahangaika zaidi kupata ubaridi uleule, ndiyo maana luku inakimbia hata kama hujagusa rimoti. Dar kuna unyevu pia: sehemu ya umeme inaishia kukausha hewa, ndiyo yale maji yanayodondoka kwenye bomba la AC.

Ila mimi kama fundi kinachoniuma zaidi ni gesi ya kupozea iliyomo ndani ya AC. Kilo 1 ya aina iitwayo R-410A ikivuja inapasha dunia joto sawa na takriban kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Aina nyingine, R-32, ni kama kilo 675. Marekebisho ya Kigali ya 2016, ambayo ni makubaliano ya kimataifa, yanazipunguza gesi hizi hatua kwa hatua. Fundi akitaka kuiachia gesi hewani wakati wa kuhamisha AC, mkatalie kabisa. Aivute kwenye mtungi.