Kipimo cha mkojo hakisomi minyoo yote

Swali: Daktari, mwanangu wa miaka 9 huogelea ziwani hapa Ukerewe. Siku hizi amepauka na tumbo humuuma. Alipimwa mkojo kwa kipimo cha haraka, nikaambiwa hana minyoo. Mtu mwingine akamshikisha fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta, akasema minyoo imejaa mwili mzima, akaniuzia unga wa kuisafisha. Nimwamini nani?

Jibu: Mama, jibu la mkojo ni la kweli kwa jambo moja tu, nalo si hilo uliloambiwa. Kipimo kile hutafuta chembe ambazo minyoo ya kichocho cha tumbo iliyokomaa huzitapika kwenye damu, kisha figo huzichuja hadi kwenye mkojo. Safura, minyoo ya mviringo na minyoo ya mjeledi haimo kabisa katika kipimo hicho. Hata kichocho kilichoingia wiki chache zilizopita huenda kisionekane, kwa kuwa minyoo yake haijakomaa. Kwa hiyo anayesoma mstari mmoja kwenye kipimo hicho, yaani kichocho hakikuonekana, na kutangaza kwamba mtoto "hana minyoo" amesema zaidi ya alichopima, na kosa hili ninakutana nalo karibu kila wiki.

Kwa mtoto aliyepauka ninahofia safura, ambayo hujishikiza kwenye utumbo mwembamba na kunyonya damu. Mpeleke apimwe wingi wa damu, na kinyesi chake kitazamwe kwa hadubini. Mayai ya safura hufifia mapema kwenye kioo cha hadubini kilichoandaliwa kwa njia ya Kato-Katz, yaani kutandaza kinyesi kidogo kilichopimwa juu ya kioo ili mayai yahesabiwe, hivyo kioo hicho kisomwe ndani ya saa moja. Na kwa kuwa mayai hayatoki kwa wingi ule ule kila siku, sampuli moja isiyo na yai haitoshi kumwondolea mtoto shaka.

Ama ile fimbo, hakuna kifaa kinachotambua minyoo kupitia kiganja cha mkono. Inaniuma kuona wazazi wakitumia fedha ya chakula kununua unga huku damu ya mtoto ikizidi kupungua. Yeyote anayekuambia ameona minyoo, mwulize ni minyoo gani na ameiona katika sampuli ipi, maana hata dawa hutofautiana: kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli inayopimwa kwa uzito wa mgonjwa, safura kwa albendazoli, na mojawapo haishiki nafasi ya nyingine.