Kusaini rekodi za kipimo cha moyo zitumike kwenye utafiti, inafaa?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mi ni mama wa miaka 52, nipo Tanga, nilipelekwa Dar kupimwa moyo, wakanipandisha kwenye ile mashine ya kutembea mpaka pumzi ikaniishia, nikalazwa kitandani fasta nikapigwa eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Alafu nikapewa fomu nisaini rekodi zangu zitumike kwenye utafiti. Sijasaini mpaka leo, naogopa picha za kifua changu zitaonwa na wanaume. Na adhuhuri nilisali na ile jeli waliyonipaka, swala imeswihi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu, Allah akupe shifaa. Kwanza nikutoe hofu, eko haipigi picha ya kifua, inatuma mawimbi ya sauti yanarudi yanachora moyo wenyewe, kuta zinavyojikaza na vali, yaani vile vilango vya moyo, zinavyofunguka na kufunga, hata mumeo akiwekewa pale mbele hawezi kujua kama ni wako. Kinachokutambulisha ni jina, namba ya faili na simu vilivyoandikwa pembeni, na hapo ndo pa kukaza.

Siri ya mgonjwa ni amana, na Allah katuamrisha kwenye Suratun-Nisaa aya ya 58 tuzifikishe amana kwa wenyewe. Wanachuoni wa Majmaa ya Fiqhi, lile baraza la kimataifa la sheria ya Kiislamu, walipokaa Brunei mwaka 1993 walilisema wazi, asili ya siri ya mgonjwa ni haramu kuitoa. Kwa iyo nesi anayesema koridoni "mama fulani moyo wake umechoka" kaingia kwenye dhambi, hata kama anasema kwa huruma. Ila kipimo kilichotolewa jina, kikachanganywa na vya mamia ya watu, hakimfichui mtu. Waulize kabla ya kusaini: jina langu linatolewa? nani anashika hizo rekodi? kamati ya maadili imepitisha? nikibadili mawazo naweza kujitoa? Hata sheria yetu ya taarifa binafsi ya 2022 imeziweka taarifa za afya kwenye zile nyeti, usione haya kuuliza, na kama husomi vizuri mwambie mwanao akusomee neno kwa neno.

Wakikujibu vizuri mi nakushauri saini. Unajua kwa nini wewe walikuongezea eko badala ya kuishia kwenye zile waya tu, zinazobandikwa kifuani kusoma umeme wa moyo? Kwa sababu wanawake wengi zile waya kwenye mashine zinaonesha tatizo la mishipa ya moyo wakati halipo, na hilo limejulikana kwa kupitia rekodi za akina mama waliopimwa kabla yako. Wamekufaa na hujawahi kuwaona. Ukiweka nia ya kumfaa atakayekuja nyuma yako nataraji utapata ujira wa sadaka. Ukikataa pia huna dhambi, mwili ni wako, na hawaruhusiwi kukupunguzia matibabu kwa ajili ya hilo.

Swala yako imeswihi, jeli ile si najisi na kifua si kiungo cha udhu, usirudie.