Kuelewa bila kuweza kusema baada ya kuumia ubongo

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mdogo wako, aliyeumia kichwa katika ajali ya pikipiki, anaelewa mnayomwambia ilhali maneno yanamkwama. Kwa watu wengi lugha huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo, na sehemu yake ya mbele ikiumia, mtu huweza kujua anachotaka kusema lakini asilipate neno. Hiyo ni aina ya afasia, yaani tatizo la lugha linalotokana na kuumia ubongo, wala si upungufu wa akili. Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi upande wa kushoto wa ubongo mwaka 2011, aliweza kuimba maneno aliyoshindwa kuyasema, na muziki ukawa sehemu ya matibabu yake. Tafadhali mtafutieni mapema mtaalamu wa tiba ya usemi, na msimmalizie sentensi.