Uliza Ujibiwe: Divai Nyeupe Kavu za Mto Loire

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru na Kakamega, na karibu zote zinauliza kuhusu divai nyeupe kavu, yaani zisizo tamu, za bonde la Loire, mto mrefu kuliko yote Ufaransa. Tumechagua sita.

Swali: Mhariri, nilinunua Muscadet hapa mjini baada ya muuzaji kuisifu sana. Nilipoifungua ilikuwa chachu kama maji ya ndimu, haikunukia tunda lolote, na viputo vidogo vilishika ukingoni mwa glasi. Je, imeharibika? *Msomaji, Milimani, Kisumu*

Jibu: Haijaharibika. Muscadet ndivyo ilivyo, na ukiitafutia harufu ya pasheni au mapera utakuwa unaidai kisicho chake. Hutengenezwa kwa zabibu za Melon de Bourgogne, ambazo kwa asili hazina manukato makali. Zabibu hizo zilienea karibu na Nantes, kule Loire inakokaribia bahari, baada ya baridi kali ya 1709 kuua mizabibu mingi. Melon huvumilia baridi, ndiyo maana wakulima waliishika.

Sasa tazama lebo. Ikiwa imeandikwa “sur lie”, divai hiyo ilikaa majira yote ya baridi juu ya mashapo ya hamira yaliyotua chini ya tangi, kisha ikatiwa chupani moja kwa moja kutoka hapo, si kabla ya Machi 1 ya mwaka unaofuata mavuno. Kwa vile haikuhamishwa-hamishwa, gesi kidogo ya uchachushaji imebaki ndani, na hiyo ndiyo iliyotoa viputo vyako. Mashapo nayo huipa divai uzito kidogo mdomoni na harufu ya mbali ya mkate. Lakini ukiona povu linapanda kama la soda, divai ina ukungu na inanuka hamira, basi imeanza kuchachuka upya ndani ya chupa. Hiyo irudishe dukani.

Muscadet nzuri huhukumiwa kwa usafi wa ladha, kwa uchachu unaojaza mate pande za ulimi bila kukwaruza koo, na kwa ladha ya chumvichumvi inayobaki baada ya kumeza. Ya kawaida inywe ndani ya miaka miwili au mitatu tangu mavuno. Zenye majina ya vijiji kama Clisson au Gorges hukaa juu ya mashapo muda mrefu zaidi, na huweza kuhifadhiwa miaka mingi.

Swali: Sisi ni chama cha watu wanane. Tunataka kuonja chupa sita jioni moja na kuzipa alama. Tuanzie wapi? *Wanachama, Nakuru*

Jibu: Anzeni na hesabu. Chupa ina mililita 750. Mkimimina mililita 50 kwa kila mtu mtatumia 400, na zitakazosalia zitatosha kurudia kuonja na kunywa na chakula. Msimimine zaidi ya hapo, kwa maana glasi iliyojaa haizungushiki, na divai iliyomo hupata joto kabla hujaifikia.

Glasi arobaini na nane hamtazipata, wala hamzihitaji. Kila mtu awe na mbili, za mguu, zenye tumbo pana na mdomo mwembamba ili harufu isitawanyike. Zioshwe kwa maji ya moto, zisuuzwe hadi sabuni iishe kabisa, kisha zikauke zenyewe. Kitambaa cha jikoni huacha harufu ya mafuta, na glasi iliyowekwa kifudifudi kabatini hunuka mbao. Marashi yaachwe nyumbani.

Onjeni kwa jozi, maana divai moja ikiwa peke yake haisemi mengi. Ukiiweka kando ya nyingine ndipo unapoona iliyo chachu zaidi, nzito zaidi au ndefu zaidi, yaani ambayo ladha yake hudumu. Jozi ya kwanza iwe Muscadet na Quincy, divai ya Loire ya zabibu za sauvignon blanc. Ya pili iwe Sancerre, ya Loire na ya zabibu hizohizo, na sauvignon blanc ya Afrika Kusini, au ya Naivasha mkiipata. Ya tatu iwe Vouvray iliyoandikwa “sec” na Savennières, zote mbili za chenin blanc. Savennières ikikosekana, chenin ya Afrika Kusini itafaa, kwani ni zabibu zilezile. Huko ziliitwa Steen kwa miaka mingi. Mmoja wenu azifunge chupa zote kwa gazeti na kuzipa namba, na ikiwezekana arudie divai moja kwa namba mbili tofauti bila kuwaambia. Mtaona haraka nani anaonja na nani anabahatisha.

Halijoto ndiyo huharibu hukumu nyingi. Muscadet inataka nyuzi 8 hadi 10, sauvignon za Sancerre na majirani zake 10 hadi 12, Savennières 12 au 13. Jioni ya Nakuru ina ubaridi wa kuwasaidia. Wenzenu wa Kisumu wamimine divai ikiwa na nyuzi mbili chini ya hapo, kwa sababu itapanda upesi mezani. Ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji hupoza chupa kwa dakika 20 hadi 25, na kiganja cha chumvi huharakisha. Barafu tupu bila maji haishiki chupa vizuri. Kwenye friji tengeni saa mbili na nusu hivi. Msiiache frijani sehemu ya kugandishia, mkaisahau: divai hutanuka ikiganda, ikasukuma kizibo au kupasua chupa. Na divai ya nyuzi 4 haina harufu, iwe nzuri au mbovu. Hoteli huficha kasoro nyingi kwa baridi, mara nyingi bila kujua.

Mkishamimina, tazameni rangi juu ya karatasi nyeupe. Nuseni kabla ya kuzungusha glasi, kisha zungusheni mnuse tena. Harufu nyepesi hutoka mwanzo, na kasoro nyingi nazo hutoka mwanzo huohuo. Pigeni funda dogo la mililita 10 hivi, lizungusheni kinywani, vuteni hewa kidogo kupitia midomo, kisha temeni ndooni. Kutema si kukosa adabu. Asiyetema hana hukumu ya kuaminika ifikapo chupa ya nne. Baada ya kutema anzeni kuhesabu sekunde ambazo ladha yenyewe inabaki, si mwasho wa uchachu. Wafaransa wana kipimo chao cha urefu huo, caudalie, ambacho ni sekunde moja. Chini ya tatu ni fupi. Ikifika nane, ni divai ya kuheshimiwa.

Kwa alama, tunapendekeza jumla ya 20: rangi 2, harufu 5, ladha na uwiano 8, urefu 3, hisia ya jumla 2. Uwiano tumeupa nyingi makusudi, maana harufu ya matunda humshawishi kila mtu, ila divai kavu ambayo uchachu wake umesimama peke yake, bila mwili, yaani uzito mdomoni, wa kuubeba, huchosha kufikia glasi ya pili. Kila mtu aandike alama zake kabla ya yeyote kufungua mdomo. Sauti ya mwenye kujiamini hubadilisha karatasi za wengine.

Swali: Ninahudumu hotelini. Mgeni mmoja alirudisha Sancerre akisema inanuka mkojo wa paka, mwingine akasema yake inanuka katoni. Nimwamini nani? *Mhudumu, Kisumu*

Jibu: Mwamini wa katoni. Harufu ya katoni iliyolowa, au gunia lililokaa stoo yenye unyevu, hutokana na kizibo cha gome chenye kemikali iitwayo TCA. Haimdhuru mtu, lakini huua matunda yote, na kadiri divai inavyokaa kwenye glasi ndivyo inavyozidi. Hapo hakuna dawa. Badilisha chupa bila ubishi.

Mkojo wa paka ni jambo jingine. Sauvignon blanc ina misombo ya salfa ambayo kwa kiasi kidogo hunukia pasheni na balungi, na ikizidi hukaribia paka. Ina pia misombo ya pirazini, inayotoa harufu ya pilipili hoho mbichi, nyasi na majani ya nyanya, hasa zabibu zikichumwa kabla hazijaiva sawasawa. Hiyo ni tabia ya zabibu. Mgeni ana haki ya kutoipenda, lakini divai si mbovu.

Kuna kasoro nyingine za kuzifahamu. Harufu ya kiberiti kilichowashwa au yai bovu inatokana na divai kukosa hewa. Zungusha glasi dakika tano, mara nyingi hutoweka. Siki, au dawa ya kuondoa rangi ya kucha, ni kazi ya bakteria na haiponi. Tufaha lililokatwa likabadilika rangi, pamoja na manjano yanayoelekea kahawia katika divai changa, ni hewa iliyoingia kupita kiasi. Kwa hali ya hewa ya kwetu, kasoro ya kutazamwa zaidi ni joto: kizibo kimesukumwa juu, kuna mchirizi unaonata shingoni, na divai inanuka matunda yaliyochemshwa. Chupa iliyosimama dirishani wiki kadhaa usiinunue hata ikipunguzwa bei nusu. Vipande vinavyong’aa kama sukari chini ya chupa ni chumvi ya asidi ya tartariki iliyojitenga kwa baridi. Hivyo havina neno.

Swali: Muuzaji aliniapia kwamba Vouvray ni divai kavu. Niliyonunua ni tamu! *Msomaji, Kakamega*

Jibu: Vouvray ni jina la mahali, karibu na mji wa Tours, na hutoa divai kavu, tamu kidogo, tamu kabisa na hata za povu. Tafuta neno “sec” kwenye lebo. “Demi-sec” ina utamu wa wazi, na “moelleux” ni tamu. Wapo watengenezaji wasioandika neno lolote, na hapo muuzaji anakisia tu.

Hata “sec” haimaanishi sukari sifuri. Sheria ya Ulaya inaruhusu gramu 4 kwa lita, na hadi 9 ikiwa asidi haijapungua sukari kwa zaidi ya gramu 2. Jipime nyumbani: tia vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau katika maji ya mililita 250, onja, kisha koroga nusu kijiko cha chai cha sukari, onja tena. Umeongeza takriban gramu 8 kwa lita. Hutasikia utamu sana. Utasikia ukali umelainika. Chenin ina asidi nyingi, ndiyo sababu hubeba sukari hiyo isionekane. Ukitaka kuitambua, sikiliza ncha ya ulimi sekunde ya kwanza, na midomo baada ya kutema: ikinatanata, sukari ipo. Asali na nta unazonusa si ushahidi, kwa sababu chenin hunukia hivyo hata ikiwa kavu kabisa.

Swali: Sancerre na Pouilly-Fumé zinatofautianaje? *Msomaji, Kericho*

Jibu: Kwa kuonja tu, mara nyingi hazitofautishiki, na anayedai kuzijua kila mara afungiwe chupa kwa gazeti. Zote ni sauvignon blanc, zinatazamana ng’ambo na ng’ambo ya Loire. Udongo husema zaidi kuliko jina: penye jiwe la gumegume divai huwa kali na ngumu ikiwa changa, na huelekea harufu ya moshi, penye chokaa na mfinyanzi huwa na mwili zaidi, penye kokoto za chokaa hunukia mapema na huiva mapema. Angalizo la mfukoni: Pouilly-sur-Loire hutokana na zabibu za chasselas, na Pouilly-Fuissé ni chardonnay ya Burgundy, mbali na Loire kabisa.

Swali: Ninywe ipi na ngege, na iliyobaki nitunze vipi? *Msomaji, Busia*

Jibu: Ngege wa kukaanga, mwenye chumvi na ndimu, apate Muscadet, chumvi na ndimu hufanya uchachu wa divai uonekane mpole. Akiwa wa mchuzi wa nyanya, Sancerre au Quincy. Pilipili nyingi kwenye kachumbari huchochea moto wa pombe, kwa hiyo ipunguze. Managu chungu haina rafiki kati ya divai hizi. Jibini ya mbuzi ina rafiki wa zamani: Chavignol, kijiji cha Sancerre, kinajulikana kwa jibini hiyo sawa na divai.

Iliyobaki izibe mara moja, isimame frijani. Sauvignon itakaa siku mbili au tatu, chenin siku nne au tano. Ikizidi hapo, ipikie samaki.