Maswali ya Wasomaji: Begi Lililochelewa, Tiketi Mbili na Haki za Abiria wa Ndege

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu mizigo na tiketi za ndege. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa yaliyompata mwandishi wake huwapata abiria wengi, na wengi wao huacha haki yao ipotee bila kujua kwamba walikuwa nayo.

Swali: Mashirika mawili yananirusha huku na huku

Ndugu Mhariri, salaam. Nilirudi nyumbani kutoka Manchester kwa tiketi moja niliyokatiwa na wanangu, lakini njiani nilibadilisha ndege katika mji mmoja wa Ghuba na kupanda ya shirika jingine. Nilipofika Dar es Salaam nilisimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa, na begi langu halikutokea. Kijana wa kaunta aliandika namba yangu ya simu kwenye daftari, akaniambia niende nyumbani, watanipigia. Begi nililetewa siku ya sita, kufuli limekatwa, gurudumu moja limevunjika, na ndani hamna jozi mbili za viatu wala vitenge nilivyomnunulia binti yangu kwa ajili ya sendofu yake. Nilitia sahihi kwa sababu dereva alikuwa na haraka. Sherehe ilikuwa imeshapita, nami nilikuwa nimelazimika kununua nguo nyingine. Shirika la pili linasema niwaulize wa kwanza kwa kuwa ndio waliopokea begi Manchester, na wa kwanza wanasema niwaulize wa mwisho. Leo ni siku ya nne tangu begi lifike. Je, nina haki gani?
*Mama, Tanga*

Jibu

Mama, siku barua yako ilipotufikia tulikupigia simu badala ya kusubiri toleo hili litoke, kwa kuwa sheria inayohusika inahesabu siku, na wewe ulikuwa umebakiwa na tatu. Haya ninayoyaandika sasa ni kwa ajili ya wasomaji wengine watakaofikwa na jambo kama lako.

Safari yako inasimamiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929 baina ya nchi zilizouridhia. Tanzania, Kenya na Uingereza zote zimo. Kwa hiyo maneno ya mfanyakazi wa kaunta, na hata masharti ambayo shirika limeyachapisha kwa maandishi madogo, hayawezi kukupunguzia haki ambazo mkataba huo umekupa.

Kuhusu shirika la kumdai, mkataba umelijibu swali lako waziwazi. Panapokuwa na mashirika yanayopokezana abiria katika safari moja, mwenye begi anaweza kulidai shirika la kwanza, au la mwisho, au lile ambalo begi lilikuwa mikononi mwake lilipoharibika au lilipocheleweshwa, na mashirika hayo yanawajibika kwake kwa pamoja na kila moja peke yake. Wewe huna kazi ya kuchunguza kufuli lilikatwa Manchester, Ghuba au Dar es Salaam. Ukishamchagua mmoja, mzigo wa kutafuta nani amlipe nani ni wao kwa wao. Ushauri wangu ni kumwandikia yule wa mwisho, kwa kuwa ndiye aliyekukabidhi begi na ana ofisi hapa nyumbani, na kumpelekea nakala yule wa kwanza ili asije akasema hakupata habari.

Sasa nije kwenye siku, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza. Mzigo ulioharibika, na ndani yake nahesabu pia mzigo uliopungua vitu, ulalamikiwe mara tu unapogundua na kwa vyovyote si baada ya siku 7 tangu ulipoupokea. Mzigo uliochelewa ulalamikiwe ndani ya siku 21 tangu siku ulipokabidhiwa. Begi ambalo halijafika baada ya siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika, unaweza kulidai kama lililopotea. Kesi mahakamani nayo ifunguliwe ndani ya miaka 2, na kwa kuwa safari yako iliishia Dar es Salaam, unaweza kuifungua hapahapa Tanzania bila kufuata shirika kwao. Yote haya ya malalamiko lazima yawe kwa maandishi. Simu ishirini ulizopiga, Mama, ambazo ulitueleza kwa uchungu, hazina uzito wa barua pepe moja yenye tarehe, namba ya tiketi, namba ya lebo ya mzigo na maelezo ya kilichokosekana.

Huenda unajiuliza pia kama sahihi yako imekuharibia. Haijakuharibia kabisa, ila imekuongezea kazi. Kupokea begi bila kulalamika kunachukuliwa kuwa dalili kwamba limefika salama, lakini dalili hiyo unaweza kuipinga kwa ushahidi. Picha ulizotuambia kwamba ulizipiga siku ileile za kufuli lililokatwa na gurudumu lililovunjika ndizo zitakazokusemea. Siku nyingine, hata dereva akiwa na haraka namna gani, lifungue begi mbele yake, na kama kuna kasoro iandike juu ya karatasi kabla ya kutia sahihi.

Fidia ina kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha mizigo kwa kila abiria ni SDR 1,519, kutoka 1,288 za awali. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho kinakaribia dola 2,000 za Marekani au kuzidi kidogo, kutegemea siku. Kikomo maana yake ni dari, wala si malipo ya moja kwa moja: utalipwa kile unachoweza kuonyesha kwamba kimekupotea. Kwa hiyo andika orodha ya viatu na vitenge pamoja na bei zake, waombe wanao wakutumie risiti au taarifa ya benki inayoonyesha manunuzi, na uambatishe risiti za nguo ulizolazimika kununua wakati begi halijafika. Kwa upande wa ucheleweshaji, shirika linaweza kujinasua likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote zilizostahili kuzuia hasara, lakini kazi ya kuthibitisha ni ya shirika. Huzuni ya binti kukosa vazi lililoandaliwa na mama yake ni jambo ambalo ninalielewa sana, na nasikitika kukwambia kwamba mkataba huu kwa kawaida haulilipii. Unalipia hasara inayohesabika.

Kuna neno moja ambalo ningependa kila msafiri alishike kabla hajatoka katika ukumbi wa kuwasili. Namba ya simu kwenye daftari si ripoti. Ripoti ya mzigo ambao haukufika huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta unaotumiwa na mashirika duniani kote, nayo hutoa namba yenye tarakimu na herufi kumi, ikianza na herufi tatu za uwanja: DAR kwa Dar es Salaam, NBO kwa Nairobi, ZNZ kwa Zanzibar. Zinafuata herufi mbili za shirika, kisha tarakimu tano. Namba hiyo ndiyo inayofanya begi litafutwe katika viwanja vingine. Ukishapita forodha na kutoka nje, kurudi ndani ni kazi kubwa, kwa hiyo usiondoke bila karatasi yenye namba hiyo, hata kama foleni ni ndefu na wenyeji wako wanakusubiri nje. Tena usidhani kwamba ripoti hiyo inatosha kuwa malalamiko. Barua uiandike pamoja nayo.

Ukikosa jibu la maana, peleka nakala za barua zako kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kutetea abiria.

Swali: Nimeachwa na ndege Nairobi

Nilinunua tiketi ya Mombasa kwenda Nairobi kwa shirika moja, na ya Nairobi kwenda Dubai kwa shirika lingine, kwa kuwa kwa jumla nilikuta ni nafuu zaidi. Ndege ya Mombasa ilichelewa saa tatu, nikafika Nairobi lango la Dubai limefungwa. Nikaambiwa ninunue tiketi mpya. Je, hiyo ni haki?
*Kijana wa Likoni, Mombasa*

Jibu

Kaka, kwa bahati mbaya shirika la Dubai halikukukosea. Ulikuwa na mikataba miwili isiyojuana. Machoni mwa shirika la pili wewe ni abiria ambaye hakutokea langoni, na sababu ya kutotokea kwako hailihusu. Shirika la kwanza nalo liliahidi kukufikisha Nairobi tu, likakufikisha kwa kuchelewa, na halikuwahi kuahidi chochote kuhusu Dubai. Waandikie hata hivyo, uambatishe tiketi zote mbili, maana mashirika mengine hurudisha kitu kwa hiari, lakini usijenge matumaini makubwa.

Mambo yangekuwa tofauti kabisa kama safari nzima ingekuwa katika tiketi moja, hata kwa bei kubwa kidogo. Hapo shirika lililokuuzia lingelazimika kukutafutia nafasi katika ndege inayofuata bila kukutoza, kwa sababu liliahidi kukufikisha Dubai. Njia nyepesi ya kutambua ni kutazama kama safari yote ina namba moja ya uhifadhi, na kumuuliza mfanyakazi wa kaunta pale Mombasa kama lebo ya begi lako imeandikwa DXB, yaani Dubai, au imeishia NBO. Ikiishia NBO, utalazimika kulichukua begi Nairobi, kulipeleka tena kwenye kaunta na kupita ukaguzi upya, na ikiwa unaunganisha katika nchi ya kigeni huenda ukahitaji viza ya kuingia ili tu ulifikie begi lako.

Siwakatazi watu kununua tiketi mbili, kwa sababu najua bei za tiketi zilivyo na najua fedha zinavyopatikana. Lakini anayefanya hivyo aache nafasi ya kutosha baina ya ndege, na kwa safari yenye miadi isiyongoja, kama vile kuanza kazi au matibabu, alale usiku mmoja katika mji wa kuunganishia. Na kitu kingine: kama tiketi yako ya Dubai ilikuwa ya kwenda na kurudi, wapigie haraka, kwa sababu mashirika mengi hufuta sehemu ya kurudi pale abiria asipotokea kwenye sehemu ya kwenda. Wapo waliogundua hilo siku ya kurudi, wakiwa kaunta na mizigo yao.

Swali: Kwa nini mimi nilipwe na kaka yangu asilipwe?

Ninaishi Brussels. Ndege yangu ya kwenda Kigali, ya shirika lisilo la Ulaya, ilifika ikiwa imechelewa saa tano kwa hitilafu ya mtambo. Kaka yangu alitoka Kigali kuja Brussels kwa shirika hilohilo, naye akachelewa vilevile. Rafiki amenambia mimi nina fidia na yeye hana. Ni kweli?
*Msomaji wa Brussels*

Jibu

Ni kweli, ndugu. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inamlinda kila abiria anayeondoka katika uwanja wa nchi ya Umoja huo, awe amepanda shirika la bara lolote. Kwa anayekwenda Ulaya kutoka nje, inamlinda tu akiwa amepanda shirika la Ulaya. Kaka yako aliangukia upande wa pili wa mpaka huo, na kwake yeye kinachobaki ni Mkataba wa Montreal, ambao unalipia hasara aliyoipata kwa kuchelewa na anayoweza kuithibitisha, bila kiwango kilichopangwa.

Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, kama hiyo yako, kiwango ni yuro 600. Shirika linaweza kukataa likithibitisha kwamba kulikuwa na jambo lisilo la kawaida lililo nje ya uwezo wake, mfano hali mbaya ya hewa, lakini Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2008 kwamba hitilafu ya mtambo kwa kawaida haihesabiwi hivyo. Andika madai yako wewe mwenyewe moja kwa moja kwa shirika kabla ya kuwapa mawakala wa kudai fidia, ambao hukata sehemu kubwa ya fedha kwa barua ambayo ungeiandika kwa nusu saa.

Swali: Dhahabu niiweke wapi?

Ninasafiri kwenda Muscat harusini. Begi langu la mkononi limezidi uzito. Je, niweke dhahabu kwenye begi kubwa la kupakiwa?
*Bibi wa Mji Mkongwe, Zanzibar*

Jibu

Hapana, Bibi. Punguza nguo kwenye begi la mkononi, dhahabu ibaki nawe. Mashirika mengi yanakataza vito na fedha taslimu katika mizigo ya kupakiwa, na hata ukifanikiwa kudai, kile kikomo nilichokitaja juu hakifiki thamani ya mkufu mmoja mzito. Sheria inakuruhusu kutangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi begi na kulipa ziada, lakini nakusihi usifikie huko.

Pamoja na dhahabu, dawa zako, pasipoti na chaja ya akiba ya simu navyo vikae mkononi. Chaja ya akiba hairuhusiwi kabisa kwenye begi la kupakiwa, kwa kuwa betri yake ikishika moto chini hakuna wa kuizima. Iwe isiyozidi saa-wati (Wh) 100, kiasi kinachoandikwa juu yake. Na ikitokea ndege imejaa, mfanyakazi akalichukua begi lako mlangoni ili lipakiwe chini, mwombe dakika moja uvitoe vitu hivyo vyote kwanza. Ili iwe rahisi, viweke tangu nyumbani katika mfuko mmoja mdogo wa kitambaa juu kabisa ya begi.