Maswali Yenu: Dadu, Visoda na Hesabu ya Uwezekano

Mwanangu wa darasa la tano hucheza ludo na wenzake watatu. Ameshikilia kwamba sita ni namba ngumu, haitoki kama nyingine. Nikimwambia zote ni sawa, anacheka. Nimwonyesheje? (Mama, Morogoro)

Usibishane naye. Mpe dadu, kikombe cha plastiki na karatasi. Kabla hajarusha, aandike anadhani kila namba itatoka mara ngapi katika mirusho 120. Kisha atikise na kumwaga dadu juu ya kitambaa, nawe ukichora vijiti: vinne wima, cha tano kinavikata. Mkichoka, malizieni kesho.

Kwa wastani kila namba hutoka mara 20, lakini msitegemee 20 kamili. Namba yoyote kupata 13 au 27 ni jambo la kawaida. Hapa ndipo wazazi wengi hujikwaa: sita ikipata 14 wanaanza kuilaumu dadu, na mtoto anaona alichosema ndicho. Ikipata tano tu, hapo kweli ikagueni dadu yenyewe.

Ila mtoto hakujitungia tu. Kutoka nyumbani kwenye ludo kunahitaji sita, kwa hiyo ndiyo namba pekee anayoisubiri. Tatu ikichelewa hakuna anayekumbuka. Kukosa sita kwa mrusho mmoja ni 5/6. Kukosa mara 10 mfululizo ni 5/6 ikizidishwa kwa yenyewe mara 10, yaani kama 0.16. Wakicheza wanne, karibu nusu ya michezo itakuwa na angalau mmoja aliyerusha mara 10 bila kutoka. Huyo ndiye atakayelalamika wiki nzima.

Jaribio la pili ndilo litakalomgusa: arushe mpaka sita itoke, aandike ni mrusho wa ngapi, arudie mara 30. Wastani utakuwa karibu na 6, pengine 5 au 7. Safari moja ikivuka mirusho 20, msishangae.

Darasa langu lina watoto 60 na sina dadu hata moja. Sarafu nazo zinapotea. Nifundishe uwezekano kwa kitu gani? (Mwalimu wa shule ya msingi, Kigoma)

Visoda vinatosha, tena kwa somo hili vinaizidi sarafu. Sarafu mtoto anajua jibu kabla ya kurusha. Kisoda kitalala mdomo juu mara ngapi? Hata wewe mwalimu hujui mpaka kirushwe, na watoto wakigundua hujui, darasa linachangamka.

Gawa makundi 10 ya watoto sita, kila kundi visoda 20 na kikopo. Chagua visivyopinda. Kilichokunjwa na opena huangukia kivyake, na kundi lililopewa vya namna hiyo litapata jibu lake peke yake, halafu ubishi hauishi. Sheria ziwekwe mapema: kisoda kilichoingia ndani ya kingine au kuegemea ukuta kinarushwa upya. Zisipowekwa, kila mtoto atakihesabu upande anaoutaka yeye.

Watikise, wamwage kutoka kimo cha rula moja ya sentimita 30, wahesabu vilivyolala mdomo juu, waandike. Mara 10, jumla visoda 200 kwa kundi. Wote wawe kwenye sakafu ya aina moja, maana kwenye saruji kisoda kinadunda na kugeuka, kwenye mchanga kinakaa kilivyotua.

Sasa sehemu ambayo walimu huiruka. Usisubiri mwisho ndipo wagawanye. Baada ya kila mmwago, wachukue jumla ya mdomo juu tangu mwanzo, wagawanye kwa visoda vyote vilivyorushwa hadi hapo: 20, 40, 60, mpaka 200. Nukta ziingie kwenye grafu. Mwanzoni mstari unaruka juu na chini, halafu unatulia. Wakichora kila mmwago peke yake, mstari hautatulia hata warushe mpaka jioni. Mwishoni jumlisha makundi yote upate visoda 2,000, na desimali hiyo ndiyo makadirio ya darasa lako. Usiwaulize jibu sahihi ni lipi. Hakuna lililoandikwa kitabuni.

Nilirusha sarafu mbili na binti yangu. Anasema matokeo ni matatu: vichwa viwili, wanyama wawili, au kimoja kimoja, kwa hiyo kila moja ni theluthi. Nilikosa la kumjibu. (Baba, Tanga)

Ana wenzake wakubwa. Mwaka 1754 mwanahisabati Mfaransa Jean le Rond d'Alembert aliandika, katika ensaiklopidia aliyoihariri pamoja na Denis Diderot, kwamba ukirusha sarafu mara mbili uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Jibu ni 3/4. Naye alihesabu matokeo matatu kana kwamba yana uzito sawa.

Shida ni kwamba sarafu zinazofanana zinaficha kitu. Chukueni ya shilingi 100 na ya 200. Choreni safu nne: zote kichwa, mia kichwa na mia mbili mnyama, mia mnyama na mia mbili kichwa, zote mnyama. Rusheni mara 80. Kila safu itakaribia 20, na mbili za katikati pamoja zitakaribia 40. Kwa hesabu ya binti yako zingekaribia 27. Msiishie mirusho 12, hapo tofauti haionekani na ataondoka na theluthi yake.

Tumetengeneza dadu kwa boksi na gundi. Inatoa moja kupita kiasi. (Mwanafunzi, Mombasa)

Angalia upande wa pili wa moja, yaani sita. Bila shaka ndiko zilikorundikana pindo na gundi: upande mzito hukaa chini. Tumieni vikaratasi sita vya ukubwa mmoja, vilivyokunjwa sawa, ndani ya mkebe. Toa kimoja, soma, rudisha, tikisa. Asiyerudisha ameharibu jaribio zima. Dadu ya boksi msiitupe. Irusheni mara 120 muilinganishe na mkebe.

Kwetu dadu ni kamari, babu yao hataki kuiona. Kuna njia? (Mlezi, Unguja)

Ipo, na babu ana hoja. Mkebe ule wa vikaratasi unafanya kazi yote ya dadu. Mkitaka kumwonyesha mtoto kwa nini kamari humla mchezaji, mpe punje 60 za mahindi. Kila akivuta karatasi alipe punje moja. Akipata sita arudishiwe tano. Kwa mivuto 60 hutegemea sita 10 hivi, ambazo ni punje 50. Pengine siku hiyo atatoka na faida, kwa hiyo wavute ndugu kadhaa, kila mmoja mivuto 60, mjumlishe. Ikifika mivuto 600, ni nadra mkebe usibaki na punje zao.